Vitanda Thelathini na Nane

Iyunga, Mbeya
17 Februari 1957

Kwako binti yangu Ikupa,

Salamu nyingi kama viazi vya mwaka huu, ingawa nusu vimeoza. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limekuwa Mzungu: halitaki kuinama mbele ya mtu. Mama yako Damari mzima, anauliza kama unakula. Mchungaji naye mzima. Bado amenifungia meza ya Bwana kwa ajili ya pombe, na mimi bado namwombea apate kiu.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, maana shule yangu ya Mjerumani iliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Unasema Anania, yule nesi wa kiume, ameacha kazi, amekwenda kupima magogo Mafinga. Unasema wewe umetolewa wodi ya wanawake ukawekwa kwa wanaume mahali pake. Vitanda thelathini na nane, na mwenzako ni dresa Kasian tu, naye nusu ya siku anaitwa nje kufunga vidonda. Kwa hiyo unataka kuacha kazi urudi nyumbani.

Urudi ufanye nini, mwanangu? Uchume pareto? Nimekwisha tangaza kuanzia hapa mpaka soko la Mbeya kwamba binti yangu amevaa gauni jeupe na anawachoma sindano hata Wazungu. Ukirudi nitasemaje? Kwamba gauni limefuliwa likapungua? Vumilia. Hata ng'ombe dume wiki ya kwanza analia kwenye jembe.

Barua yenyewe nimeificha. Mama yako nimemsomea salamu tu. Mkweo Sedekia aliniuliza juzi, "Binti yetu bado yuko kwa wanawake?" Nikamwambia, "Wanawake watupu! Anapokea watoto kama mtu anayevuna maboga." Ulitaka niseme nini? Ng'ombe wake wako zizini kwangu, harusi yako na Lutengano ni baada ya mavuno, niseme mke wa mwanawe anaosha wanaume? Wazee wa ukoo ule unawajua. Mama yako alipokuwa mchumba wangu alikutana na baba yangu katikati ya daraja la gogo. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, hapiti naye njia moja, na kugeuka hapakuwa na nafasi. Basi akajitupa mtoni na mtungi wake. Baba alisifu heshima ile mpaka anakufa. Mtungi hatukuupata.

Kaa na kazi yako.

Mimi baba yako,
Eliezeri

*

Hospitalini, Iringa
10 Machi 1957

Tata yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetubu. Mwambie mama nakula, ila nakula nimesimama. Huku mvua haiishi na shuka hazikauki.

Nimecheka barua yako, nikamsomea Benedicta wa wodi ya wanawake naye akacheka. Halafu tukaitwa, kila mmoja wodini kwake. Tata, ngoja nikueleze kazi ilivyo. Sindano ni sita kwa wodi zote mbili na stovu ya kuchemshia ni moja. Zikichemka, wa kitanda cha kwanza amekwisha kunywa chai na wa mwisho amekwisha kunitukana. Juzi mgonjwa mmoja, mtu wa Nyololo, alikataa nisimwoshe. Akaniuliza:

"Wewe binti wa nani?"

"Wa mtu."

"Na huyo mtu hana aibu?"

Wenzake wakacheka vitanda vyote. Nikaendelea kukamua kitambaa.

Jana Bibi Mkubwa wa hospitali, yule Mzungu mkuu wa wauguzi, alikuta mzee wa kitanda cha ishirini hajageuzwa, ana kidonda mgongoni. Nikamwambia tuko wawili. Akasema uuguzi ni wito, na kama wito wangu umekwisha mlango uko pale. Mwaka huu mlango huo wamepita watano. Benedicta naye ana barua yake ya kuacha kazi chini ya godoro, haijaandikwa tarehe tu.

Kazi naipenda. Ila kila siku ninalala nikijua kuna mtu aliniita sikufika.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usinitumie watu. Wawili wa Iyunga wamefika na vikaratasi vyako, "mpe huyu dawa nzuri." Mbeya kuna hospitali. La pili, mwambie ukweli baba yake Lutengano (jina lake najua haliandikwi na mimi, hata kwa kalamu naona haya). Mwambie niko wodi ya wanaume. Akikataa ndoa, na akatae akiwa amesikia kwetu.

Mwanao,
Ikupa

*

Iyunga
2 Aprili 1957

Ikupa binti yangu,

Ndaga, asante kwa barua. Sisi wazima, mahindi mazima, nyani wazima zaidi.

Ombi lako la kwanza nimelitii. Nimewaambia watu wote hospitali ya Iringa imekwenda likizo, dawa na wagonjwa. La pili nitalifanya, lakini neno kama hilo halisemwi mtu amesimama. Linataka kiti, na mavuno, na mtu aliyeshiba. Usinisukume.

Isitoshe Sedekia siku hizi si wa kuambiwa jambo. Ana ule ugonjwa wa watu wa mpunga wa Kyela, unaomfanya mwanaume aagize kiti kipana. Anatembea kama bata mwenye mayai. Kupasuliwa busha hapa Mbeya hataki, kwa kuwa kila mfagiaji wa hospitali anamjua na siku ya pili wangeimba kanisani. Nimemcheka mpaka machozi. "Eliezeri," akaniambia, "Mungu atakupa na wewe." Nikamwambia, "Anipe, mimi nina kiti." Anasema atasafiri kidogo. Sijui wapi, nchi ni pana.

Huyo mtu wa Nyololo akikuuliza tena baba yako nani, mwambie ni mtu mmoja mzuri sana wa sura.

Baba yako,
Eliezeri

*

Hospitalini, Iringa
29 Aprili 1957

Tata,

Shikamoo. Habari za afya tuziache leo.

Siku ya Jumatano saa nne asubuhi Kasian alikuwa ameitwa nje. Nilikuwa peke yangu. Daktari alikuwa amepasua watu watatu siku iliyotangulia. Kitanda cha kumi na nne daftari lilisema "Yohana wa Mafinga, busha." Nikafika na beseni. Mgonjwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Nikasema, "Baba, jifunue nitazame kidonda." Akajifunua.

Alikuwa yule mzee, Tata. Baba yake Lutengano.

Beseni lilianguka. Yeye akaruka chini kwa upande wa pili wa kitanda, mtu aliyeshonwa jana yake. Mimi nikakimbia. Sikufikiri neno lolote, miguu ilikwenda yenyewe. Nikajificha nyuma ya mlango wa stoo, nimefunika uso kwa aproni. Nikawasikia wagonjwa: "Nesi! Mzee anatoka damu! Nesi we!" Nikamwita Kasian, hayupo. Nikamwita Benedicta, anazalisha. Sijui nilikaa pale muda gani. Mgonjwa mmoja anasema ni nusu ya sigara.

Halafu nikarudi. Mshono ulikuwa umefumuka. Nikamlaza sakafuni nikamkandamiza kwa mikono yangu miwili, mahali pale, mpaka daktari akaja. Yeye alifumba macho, na mimi nilifumba. Neno alilosema ni moja tu: "Eliezeri aliniambia uko kwa wanawake."

Mzee ni mzima, amehamishiwa chumba cha pembeni, anahudumiwa na Kasian. Bibi Mkubwa ameandika kwenye kitabu chake kwamba nilimwacha mgonjwa akitoka damu. Nilimweleza habari za mkwe. Akasema, "Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa." Nikamwuliza, "Na nesi wa pili yuko wapi?" Akaandika na hilo.

Kwa hiyo huku mimi ni nesi aliyekimbia mgonjwa, na huko nitakuwa mkwe aliyemshika baba mkwe. Yote mawili ni kweli, na hakuna mtu wa kumwambia.

Tata, ulijua anakuja?

Ikupa

*

Hospitalini, Iringa
26 Mei 1957

Tata,

Shikamoo. Karibu mwezi sasa hujanijibu. Mama ameniandikishia barua kwa mwalimu. Anasema yule mzee amerudi, hapiti tena mbele ya nyumba yetu, anazungukia bondeni. Kwamba maneno yamefika kanisani, na ukoo wake wanakaa vikao. Anasema wewe kutwa unatengeneza mzinga ambao hauna nyuki.

Nilikuuliza neno moja.

Mwanao,
Ikupa

*

Nyololo, kwenye chumba cha chai
8 Juni 1957

Mwanangu Ikupa,

Gurudumu la basi limepasuka na dereva amesema tungoje saa mbili, maana yake ni mpaka jioni. Karatasi nimempigia magoti mwenye chai. Goti limeinama.

Natoka Iringa. Ndiyo, huko kwako. Nilifika jana saa tisa, saa ya kutazama wagonjwa, nikaingia wodini na watu, nimebeba ndizi kama mtu mwenye mgonjwa wake. Nikaketi kwa mzee mmoja Mhehe asiye na mgeni. Alifurahi, alidhani kanisa limenituma. Nikamwuliza:

"Nesi ndiye huyu mmoja?"

"Ndiye. Mwingine ni Mungu."

"Anafika ukimwita?"

"Yupi?"

Nilicheka, halafu nikaacha. Nilihesabu ukiitwa mara kumi na saba. Mmoja anataka maji, mmoja anataka chombo, mmoja anakuita kwa majina ambayo kama ningekuwa na miguu ya zamani ningemfuata kitandani. Ulipita mbele yangu mara mbili. Nilijifunika kofia. Umekonda, na ulikuwa unasema peke yako, unahesabu kitu kwa vidole.

Nilikuja nimwambie Bibi Mkubwa ukweli. Nikafika mlangoni kwake, nikasikia anakohoa ndani, nikaondoka. Kikohozi tu, Ikupa! Mimi niliyewatania Wajerumani.

Sasa jibu lako. Nilijua. Ni mimi niliyemtuma Iringa, na jina la Yohana nilimpa mimi. Aliniuliza, "Na binti?" nikamwapia uko kwa wanawake, wodi ziko mbali kama Mbeya na Tukuyu. Ningemkataza kwenda, angeuliza sababu, na mimi nisingekuwa tena mzee ambaye binti yake anapokea watoto. Kukuandikia wewe nako niliona haya, maana ungeniambia, sema ukweli. Nikasema moyoni, Ikupa ana akili, akimwona atajificha siku tatu, Kasian atamfunga kidonda. Sikuwaza kwamba mtu mmoja mwenye watu thelathini na wanane hana mahali pa kujificha. Ulikuwa umeniandikia. Niliisoma barua ile mara tatu, nikaona utani wangu wa kukujibu tu.

Tena nitasema lote: siku alipopanda basi nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nilijiona mjanja.

Yule mtu wako aliyekuuliza kama baba yako hana aibu ni wa hapa Nyololo. Kila anayeingia kunywa chai namtazama, nadhani ndiye. Akiniuliza nitamjibu. Aibu ninayo. Nilikuwa nimekubebesha wewe.

Dereva anaita.

Baba yako

*

Iyunga
23 Juni 1957

Ikupa mwanangu,

Salamu. Baridi imeua maharage. Mama yako haongei nami, lakini chakula ananipa, kwa hiyo tunaishi.

Jumapili nilikwenda kwa Sedekia. Ukoo wake wote ulikuwa kikaoni, wazee sita kwenye ngozi zao. Sikusubiri kiti. Nikasema nimesimama: binti yangu ni nesi wa wanaume tangu Februari, mimi nilijua, nikamficha Sedekia ukweli, nikamtuma kwake, na binti hakujua lolote. Mzee mmoja akadhani ni utani wangu akaanza kucheka. Alipoona peke yake anacheka, akakohoa.

Sedekia akaniuliza bila kunitazama:

"Kwa hiyo hakujua kwamba nakuja?"

"Hakujua."

"Na aliponitambua?"

"Alikimbia, kama alivyofundishwa nyumbani."

"Halafu akarudi."

"Halafu akarudi, kama alivyofundishwa kazini."

Kuku wakaingia katikati yetu, wewe, na hakuna aliyewafukuza. Halafu akasema, "Eliezeri, umenivua nguo mbele ya mkwe wangu."

Nikasema, "Nimekuvua."

"Mtoto hana kosa. Kosa ni lako, ulichukue uende nalo."

Ndivyo walivyokata shauri. Ndoa wameiacha isimame, na Lutengano aliyekuwa mlangoni alisema angeisimamisha hata bila wao, akakemewa. Ila mimi nisiseme neno kwenye harusi. Ndugu yangu Isakwisa, anayekwama kila neno, ndiye atakayesimama mahali pangu, na mimi nitakaa nje na wanaopika. Na Sedekia hatapita tena kwangu. Miaka arobaini tumeazimana majembe. Leo asubuhi nimemwona akizungukia bondeni, polepole, bado anaumwa, na njia ya mbele ya nyumba yangu ni fupi zaidi.

Bibi Mkubwa nimemwandikia hayo hayo kwa Kiswahili changu. Nilianza na mzaha mmoja, mzuri, nikaufuta.

Baba yako,
Eliezeri

*

Hospitalini, Iringa
15 Julai 1957

Tata,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie mama fulana ya sufu imefika.

Bibi Mkubwa aliniita. Barua yako ilikuwa mezani. Akaniuliza, "Huyu ni baba yako?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mtu wa ajabu." Akafuta yale maneno kitabuni kwa wino mwekundu, akasema nitarudishwa wodi ya wanawake, nipumzike na mambo ya wakwe.

Nimekataa. Nikienda kwa wanawake, wanaume atabaki nao Kasian peke yake. Na Benedicta ameshaandika tarehe kwenye barua yake. Ameondoka tangu Jumatatu. Nilimwambia Bibi Mkubwa kwamba siku ile hata kama asingekuwa mkwe wangu, mwingine yeyote angetoka damu nikiwa upande wa pili nimeshika sindano. Nimetaka mtu wa pili wodini, siku nzima. Amesema ataandika barua kwa wakubwa. Nimempa mpaka mwisho wa Agosti. Asipopatikana mtu, naondoka, na nimemwandikia hivyo, ameweka sahihi.

Unaona jinsi ninavyozungumza na Wazungu siku hizi.

Nimesoma barua yako ya Nyololo mara nyingi. Ulikaa wodini kwangu saa nzima na ndizi hukunisalimu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jina la Yohana. Nilikuwa nahesabu kwa vidole waliokuwa hawajapata dawa, na ningekuona, ningekaa chini nilie.

Najua ulivyoona ugumu kusimama mbele ya wale wazee. Ndaga fijo, asante sana. Lakini sijamaliza kukasirika, usinifanye nicheke kabla sijamaliza.

Na ukiugua, Tata, nenda hospitali ya Mbeya.

Mwanao,
Ikupa

*

Iyunga
31 Agosti 1957

Binti yangu Ikupa,

Salamu. Mama yako mzima. Mimi natembea.

Leo ndiyo siku uliyompa Bibi Mkubwa. Sikuulizi wamemleta mtu au hawakumleta. Basi la Iringa linapita hapa Jumanne na Ijumaa. Ukishuka nitakuona, usiposhuka nitajua. Ukishuka hakuna atakayekuuliza gauni liko wapi. Nimemwambia hivyo mama yako, nikawaambia na majirani, na mmoja aliyefungua mdomo nimeufunga.

Jumapili iliyopita, watu wakitoka kanisani, mwanamke mmoja wa ukoo wa akina Sedekia alisimama katikati ya njia, sauti juu ili wote wasikie:

"Eliezeri, ni kweli binti yako anaosha wanaume?"

Watu wakasimama. Walikuwa wanangoja nitoe neno la kuwachekesha, ndivyo nilivyowazoeza. Sedekia alikuwepo pia, nyuma, amegeukia ukuta.

Nikasema, "Ni kweli. Thelathini na wanane. Peke yake."

Baba yako,
Eliezeri